Mzururaji ni Nani?

Katika vitabu vya sheria mna maneno ambayo mtu huyapita bila kuyafikiri, kumbe ndani yake mna maisha ya watu wengi. Mojawapo ni neno "mzururaji". Mwizi hukamatwa kwa kuwa ameiba, na mpigaji kwa kuwa amepiga. Lakini mzururaji hukamatwa kwa jinsi anavyoonekana. Hana kazi inayojulikana, hana mahali pa kulala, naye akiulizwa habari zake hana la kujibu likaridhisha. Wazazi wengi waliopata kumwaga kijana wao anayekwenda mjini kutafuta riziki wameliogopa neno hili hata kama hawakulitamka. Kwa hiyo leo twapenda kulichunguza tangu asili yake. Tutaanza Ufipa, tuvuke bahari mpaka London, kisha turudi nchini kwetu.

Ufipa ni uwanda wa juu, wenye baridi na upepo, kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, na wenyeji husema kwamba maana ya jina hilo ni "tupa uchawi". Mwaka 1880 alipita huko Mskochi mmoja, Joseph Thomson, kijana wa miaka 22, aliyekuwa ameshika uongozi wa msafara baada ya mkubwa wake kufa njiani. Alikuwa amekwisha kupita katika nchi nyingi zenye vita na hofu. Wafipa walimshangaza. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 aliwasifu kuwa ni wakulima hasa, watu wanaoshughulika na mashamba yao kuliko watu wote aliowaona, wala hawana tamaa ya vita.

Isidhaniwe kwamba amani hiyo iliota yenyewe kama majani. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa na kukaa huko, na Zwangendaba mwenyewe alifia katika nchi hiyo. Baadaye watawala wa Nkansi na wa Lyangalia, falme mbili za Ufipa, waligombana wao kwa wao. Mtaalamu wa mila Roy Willis, aliyekaa na Wafipa miaka ya 1960 na kuandika vitabu juu yao, alionyesha kwamba amani ile ilijengwa na watu baada ya kuonja ubaya wa vita. Kijiji kilikuwa na mkuu wake, na wanakijiji walikuwa na sauti katika kumchagua. Ugomvi uliletwa barazani ukaamuliwa mapema, usiachwe kukua. Tena wakazi wa kijiji hawakuwa lazima wa ukoo mmoja. Mgeni aliyefika akitaka kukaa aliweza kupokewa, akapewa mahali pa kujenga na pa kulima, na tangu siku hiyo akawa mtu anayejulikana.

Kazi nayo ilikuwako. Walizika majani katika matuta makubwa ili yaoze na kurutubisha udongo, wakapanda ulezi na mazao mengine. Waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, ziitwazo malungu, ambazo mabaki yake yangali yakionekana. Walifuma nguo za pamba. Hapakuwa na polisi wa mshahara, na mgeni Mwingereza aliweza kulala usingizi.

Hata hivyo tusiigeuze nchi ile kuwa paradiso. Watumwa walikuwako, na misafara ya pembe za ndovu ilipita. Mambo ya uchawi, ambayo tutayarudia, yaliwatesa wengi. Lakini juu ya jambo tunalolichunguza, yaani maskini asiye na ndugu, Ufipa ilikuwa na jibu lake: apewe jembe, na pawe na mtu wa kumjibia.

Mfano wa jambo hili uko karibu, chini ya uwanda huo, kando ya ziwa. Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885. Mwaka 1889 aliwasili huko kijana Adriano Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger, ambaye alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, kisha akasomeshwa uganga huko Malta. Alikuwa mgeni kweli kweli, maana kutoka kwao mpaka Karema ni upana wa Afrika nzima. Hakuwa na ukoo wala hakujua lugha. Alioa huko, akatibu watu wa Karema na nchi za jirani mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kwa kipimo cha sheria tutakayoieleza, mtu wa namna yake angeulizwa kwanza: "Wewe ni nani, na nani anakujua?"

Aliyewatuma Mapadre hao ni Kardinali Lavigerie. Tarehe 31 Julai 1888 alisimama katika ukumbi wa Prince's Hall, London, akawaeleza wakubwa wa Uingereza ubaya wa biashara ya watumwa katika nchi zetu za maziwa. Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, alikuwapo. Watu waliguswa, nao walikuwa na haki ya kuguswa. Lakini umbali wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka ukumbi ule palikuwa na mtaa uitwao Whitechapel, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 31 Agosti, dunia nzima ilianza kulisikia jina lake.

Alfajiri ya siku hiyo mwanamke mmoja, Mary Ann Nichols, mwenye umri wa miaka 43, alikutwa ameuawa njiani. Usiku ule alikuwa amekwenda katika nyumba ya kulala wageni maskini, ambako kitanda kililipiwa peni nne. Hakuwa nazo, akatolewa nje. Kufikia tarehe 9 Novemba wanawake wengine wanne walikuwa wameuawa kwa namna ile ile, wote maskini. Mwuaji hakupatikana mpaka leo. Watu wengi wameandika vitabu juu ya mwuaji huyo, tena kwa namna ya kumpendezesha, jambo ambalo sisi hatulipendi. Somo letu liko katika zile peni nne.

Maana London wakati ule ilikuwa na polisi. Tangu mwaka 1829 Robert Peel aliunda jeshi la polisi la jiji hilo, wenye mavazi rasmi na zamu za kuzunguka mitaani usiku na mchana, na lengo lilikuwa jema: kuzuia uhalifu kabla haujatendeka. Lakini mikononi mwao ilikuwako sheria nyingine ya zamani kidogo, ya mwaka 1824, sheria ya wazururaji. Ilitungwa baada ya vita vya Napoleon, wakati askari wengi walipoachishwa kazi wakawa wanatangatanga nchini bila makao. Sheria ile iliwapa mahakimu uwezo wa kumfunga kwa kazi ngumu mtu aombaye barabarani, na mtu alalaye nje bila kuweza kujieleza vema, na hata mtu "anayetiliwa shaka" kwamba yuko mahali fulani kwa nia ya kutenda kosa. Basi mtazame mwanamke yule wa Whitechapel. Ndani hawezi kulala kwa kuwa hana peni nne, na akijilaza nje atajikuta mbele ya hakimu. Limebaki moja, kutembea usiku kucha, na katika kutembea huko alikutana na mwuaji wake.

Je, ni kweli kwamba maskini wale wote walikuwa wahalifu, kama matajiri wengi wa London walivyodhani? Kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka kujua jambo hili kwa hesabu wala si kwa maneno ya barazani. Jina lake Charles Booth. Alituma watu mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, akachora ramani zenye rangi: mitaa ya wenye mali aliitia rangi ya manjano, na mitaa ya chini kabisa aliitia rangi nyeusi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1889. Aliona kwamba karibu watu 31 katika kila watu 100 wa London waliishi katika umaskini. Lakini tabaka la chini kabisa, ambalo yeye mwenyewe alilitaja kuwa ndilo lenye wahuni na waishio nusu kwa uhalifu, halikufika hata mtu mmoja katika 100. Twaomba msomaji asizipite upesi hesabu hizi mbili. Thelathini na mmoja walikuwa maskini, na asiyefika mmoja ndiye aliyewapa wengine wote sifa mbaya. Waliobaki walikuwa wapakuzi wa mizigo bandarini, washonaji, wafuaji, wajane, na wazee waliochoka.

Mwaka huo huo wa 1889 wapakuzi wa bandari waligoma. Walikuwa wakiajiriwa kwa saa, wakisukumana malangoni kila asubuhi kama kuku kwenye mtama, nao walidai peni sita kwa saa. Kardinali Manning, mzee wa miaka 81, alikwenda kuwapatanisha na wenye bandari, na mgomo ulipokwisha mwezi wa Septemba walizipata peni sita zao. Twasadiki kwamba kibaba cha mshahara kama hicho kilizuia wizi mwingi kuliko zamu nyingi za usiku, ingawa jambo hili halipimiki kwa mizani.

Wakuu wa jiji nao walijaribu dawa nyingine, kubomoa. Karibu na Whitechapel palikuwa na mtaa wa vichochoro ulioitwa Old Nichol, wenye sifa ya wizi. Katika miaka ya 1890 uliondolewa wote, watu zaidi ya 5,000 wakahamishwa, na mahali pake pakajengwa nyumba nzuri za matofali zilizofunguliwa mwaka 1900. Zilikuwa nzuri, na kodi yake ilikuwa nzuri vilevile. Katika wale waliohamishwa, waliopata chumba katika nyumba mpya ni wachache mno. Kumbukumbu zinataja watu 11 tu. Wengine walikwenda kusongamana katika mitaa ya jirani, na umaskini wao wakaenda nao.

Sasa turudi nyumbani, maana sheria ile ya 1824 haikubaki Uingereza. Ilipanda meli pamoja na watawala. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza ilipewa mwaka 1923 sheria ya watu wasio na riziki, iliyowezesha kuwarudisha makwao. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, na ndani yake vifungu vya 176 na 177 vikataja wavivu, ombaomba, wazururaji, na yule mtu anayetiliwa shaka asiye na njia ya riziki inayoonekana na asiyeweza kutoa maelezo mazuri ya nafsi yake. Atakayelinganisha maneno hayo na ya London atadhani amekiona kivuli cha mtu mmoja ukutani mara mbili. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria nyingine, ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa.

Na kwa nini watu walikwenda mijini? Wafipa walioonekana na Thomson hawakuwa na haja ya kuondoka. Lakini mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, nao Waingereza waliendelea na kodi zao. Kodi hailipwi kwa ulezi mahali ambapo hapana soko la ulezi. Ufipa iko mbali na reli na mbali na bandari, na vitambaa na majembe yaliyoletwa kwa meli yalifanya kazi ya wafumaji na ya malungu ikose faida. Basi wanaume walikwenda kuzitafuta fedha ziliko. Wengi walikuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mkataba wa shamba ulipokwisha, si wote walirudi moja kwa moja. Mji ulikuwa ukiwavuta.

Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000 katika hesabu ya 1948, na mwaka 1957 walizidi 128,000. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo, wala kazi. Polisi walizunguka Kariakoo na Ilala, hata alfajiri, wakitaka stakabadhi za kodi. Asiyekuwa nayo, na asiyekuwa na mwajiri wa kumtaja, aliweza kurudishwa kwao. Wengi waliorudishwa hawakukawia kuonekana tena mjini, maana kilichowatoa kijijini kilikuwa kingali kikiwangoja kijijini. Wala uhuru haukulimaliza jambo hili. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, na watu walionekana kuwa hawana kazi maalumu walikamatwa mijini ili wapelekwe mashambani. Nia ilikuwa kuongeza mazao. Lakini wauza vitumbua na mafundi viatu walijikuta wamehesabiwa pamoja na wavivu, na wengi waliopelekwa walirudi kama wale wa zamani.

Labda msomaji atasema: "Huyu anawatetea wezi." La, hasha. Maskini ndiye anayeumizwa kwanza na mwizi. Anayeibiwa magunia mawili ya mahindi kule Laela, na magunia hayo ndiyo karo ya mtoto, ameumia kuliko tajiri aliyeibiwa gari lenye bima. Polisi wanahitajiwa, tena wenye bidii. Twasema tu kwamba askari anayetumia usiku wake kukusanya watu waliolala kituo cha mabasi hakuutumia usiku huo kumfuata aliyevunja duka. Whitechapel ya 1888 ilijaa polisi kila pembe, na mwuaji akapita katikati yao.

Nasi watu wa vijijini tusijione bora. Tumesema kwamba jina la Sumbawanga lina habari za uchawi ndani yake. Mwaka 1963 na 1964 uliingia Ufipa mwendo ulioitwa Kamcape. Watu wake walikwenda kijiji kwa kijiji wakidai kuwafichua wachawi na kuwachanja dawa ya kuwamaliza nguvu, na vijana wengi waliwashangilia. Walionyoshewa kidole mara nyingi ni watu wazima wenye umri, waliochukiwa na walioonewa wivu. Hapana aliyeuliza ushahidi. Ilitosha kwamba mtu anatiliwa shaka, na kwamba hana wa kusimama upande wake. Mjini mtu huyo aliitwa mzururaji na kijijini akaitwa mchawi. Mahakama zao ni mbalimbali, bali kosa lao ni moja. Twayasema haya kwa sababu nchi yetu, hata katika karne hii, imeona vikongwe wakiuawa kwa shaka ya namna hiyo.

Huko Uingereza kile kipengele cha "mtu anayetiliwa shaka" kilifutwa mwaka 1981, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba kilitumiwa kuwasumbua vijana weusi wa mitaa ya London. Imepita miaka 157 tangu kilipotungwa. Kwetu Afrika, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliombwa na chama cha wanasheria wa Afrika itoe maoni juu ya sheria za uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 ikasema kwamba sheria za namna hiyo, zinazomfanya mtu kuwa mhalifu kwa ajili ya hali yake, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Yafaa kila mzazi ajue kwamba maneno hayo yalitamkwa, tena katika nchi yetu.

Maana Sumbawanga nayo imekuwa mji mkubwa. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, lami ikafika kutoka Tunduma, na hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba manispaa ina watu zaidi ya 300,000. Kijana wa Matai au wa Laela hana haja tena ya kwenda Tanga ili awe mgeni. Anapanda basi asubuhi, na mchana yuko mjini, kati ya watu wasiomjua. Ataendesha pikipiki ya mtu, au atabeba mizigo sokoni, au siku nyingine hatapata kitu, na jioni ataonekana ameketi kibarazani mwa duka lililofungwa.

Akikamatwa, ndugu zake wajue mambo machache. Ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake. Kwa makosa ya kawaida anatakiwa afikishwe mahakamani katika saa 24, au apewe dhamana kituoni, na dhamana ya polisi haina malipo. Tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wako wilayani. Barua ya mtendaji wa kijiji, ambayo vijana huidharau wakati wa kuondoka, huwa na thamani kubwa saa hiyo. Lakini dhamana hutaka mdhamini, mtu mwenye makao yanayojulikana atakayesema, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani, nami nitamleta siku itakayotakiwa." Baba yuko Laela, mwendo wa saa nyingi, na simu yake labda haina chaji. Ndiyo maana kijana anapoaga nyumbani yafaa aandikiwe katika karatasi, pamoja na baraka anazopewa, jina la mtu wa kijijini kwao aliyehamia mjini na mtaa anaokaa, na yule mtu naye apelekewe habari kabla, ili mlango ukibishwa usiku asiulize, "Nani huyo?"